Alikwenda kuona chanzo cha Nile, akajikuta ukweni

Kwa miaka 15 mwalimu huyu wa Jiografia wa sekondari jijini Mwanza amekuwa akiandika ubaoni sentensi ileile: Mto Nile unatoka Ziwa Victoria katika mji wa Jinja, Uganda. Kwa miaka hiyohiyo 15 amekuwa akiishi na kulea watoto watatu pamoja na mwanamke aliyezaliwa Jinja. Mwenyewe alikuwa hajawahi kufika.

"Kila mwaka nilisema tutakwenda," anasema. "Mwaka ukiisha, nasema mwaka ujao."

Walikwenda Desemba iliyopita, shule zilipofungwa. Watoto waliachwa kwa shangazi yao. Mume alibeba kamera ya kuazima na daftari, maana alitaka kurudi na picha za kuonyesha darasani. Mke, ambaye anauza vitenge Makoroboi, alibeba begi dogo la nguo na furushi lililofungwa kwa khanga, ambalo alilipakata safari nzima na hakutaka liwekwe kwenye buti la basi. Wawili hawa wameomba majina yao yasitajwe kwa sababu, kama alivyosema mke, kuna mambo ambayo bado hayajamfikia shangazi wa Mwanza.

Basi liliondoka alfajiri. Zamani safari ya upande huo ilianza kwa kusubiri kivuko pale Kigongo, wakati mwingine saa nzima. Tangu Juni 2025 lipo daraja la kwenda Busisi, na maji yanavukwa kwa dakika chache. Halafu Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Pale Kyaka mume aliamsha abiria wa jirani kumwonyesha Mto Kagera na kumweleza kwamba majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la hapo mwaka 1978. Walimu wana tabia hiyo. Mke alikuwa kimya. Mutukula wakaonyesha pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Ofisa wa upande wa Uganda akamuuliza mume anakwenda kufanya nini. "Kutembea," akajibu. Mke alipoulizwa swali hilohilo alijibu kwa lugha ambayo mumewe hakuielewa, na yule ofisa akacheka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Mwanza, mke ndiye mgeni. Miaka yote hiyo wifi zake wanamwita Mganda, ingawa yeye ni Msoga na ameshaeleza tofauti mara nyingi mpaka amechoka. Kiswahili chake kina lafudhi ambayo watoto wake mwenyewe huiigiza mezani. Baada ya Mutukula, yeye ndiye aliyebadilisha fedha, aliyepatana nauli na kumwambia mumewe ashike pochi vizuri. Kampala waliingia usiku. Asubuhi wakapanda daladala, ambayo kule huitwa taksi, kwa safari ya kilomita 80 hivi kwenda Jinja. Nguzo za umeme zilijaa mabango ya kampeni za uchaguzi wa Januari. Penye soko la Namawojjolo vijana waliingiza mikono madirishani wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi tamu zilizochomwa. Mke alinunua gonja nne, akala tatu.

Baada ya msitu wa Mabira na mashamba ya miwa ya Lugazi, gari likapanda daraja la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Chini ni Nile. Mume alikuwa ameshatoa kamera. Alipogeuka ili mkewe amwonyeshe bwawa, alimkuta amefumba macho.

Jinja ni mji mtulivu, wenye miti mikubwa na barabara pana kuliko mahitaji yake. Jina lake lina maana ya mawe, yale ya kwenye maporomoko ambako watu walivukia. Katika mtaa mkuu bado yapo maduka ya zamani ya Wahindi, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi umechorwa kwa saruji juu ya mlango. Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini mwaka 1972, na ingawa baadhi yao walirudi miaka ya 1990 na kurudishiwa majengo, mji ule haukupata tena shughuli ulizokuwa nazo. Juu ya mapaa husimama kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wakitazama watu kama wazee wa baraza wanaosubiri kesi.

Walikozaliwa wengi wa rika la mke ni Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za ukoloni. Baba yake alifanya kazi Nytil, kiwanda cha nguo kilicho ng'ambo ya mto. Mama alinunua samaki mwaloni Masese na kuwauza mlango kwa mlango. Sangara huko ni mputa, dagaa ni mukene. Majirani walikuwa Waluo, Wasamia, Waacholi, na watoto walielewana kwa Kiswahili cha kuungaunga. Mke alijua "njoo" na "toka hapa" kabla hajajua kwamba angekuja kuolewa kwa lugha hiyo.

Nyumba yao waliikuta. Ina rangi nyingine, na mlangoni paliketi mama mmoja akimenya viazi vitamu. Mke hakuomba kuingia. Alisimama kwenye bomba la maji la jirani na kuanza kueleza: hapa ndipo alipopanga foleni ya ndoo, pale ndipo alipoanguka na kuvunja jino, kule kwenye kona ndiko mama yake alikoegesha beseni la samaki. Baba alifariki mwaka 1994, mama mwanzoni mwa 1996, kwa ugonjwa ambao watu wa miaka hiyo hawakuutaja kwa sauti. Yeye akiwa na miaka 12, shangazi yake aliyeolewa Mwanza alikuja kumchukua. Mdogo wake wa kiume, wa miaka 6, alibaki kijijini kwa bibi.

Mume alikuwa anayajua hayo yote. Amekuwa akiyajua kama anavyojua maji ya Nile yanakoishia.

Mchana huo walikwenda kwenye chanzo chenyewe. Walipanda mtumbwi wa injini, na kijana aliyeuendesha akawaonyesha mahali ziwa linapogeuka mto. John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon, ingawa Wasoga walikuwa na jina lao la mto, Kiyira, kabla babu yake Speke hajazaliwa. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954 na kuyafunika kwa maji, na tangu hapo kiasi cha maji kinachotoka ziwani kinapitia mikononi mwa watu wa umeme. Ufukweni ipo sanamu ya Mahatma Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo mwaka 1948.

Mwalimu aliandika yote. Mkewe alimwambia jambo moja ambalo halimo kwenye vitabu vyake. Ziwa zima lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huo. Alipokuwa msichana mgeni Mwanza alikuwa akienda kufua ziwani, na maji ya sabuni yakiondoka aliyatazama. "Nilikuwa nasema, haya yanakwenda kwetu bila pasipoti."

Kesho yake walishika barabara ya Kamuli. Mume alidhani wanakwenda kumsalimia bibi, kunywa chai, kupiga picha na kurudi. Walishuka baada ya Buwenge, na mdogo wa mke alikuwa anawasubiri na bodaboda mbili, yake na ya mwenzake. Ni mwanamume wa miaka 35 sasa. Alimsalimia dada yake kwa adabu, kwa ufupi, kama mtu anavyomsalimia abiria. Njiani miwa ilikuwa pande zote. Mke aliuliza mashamba ya viazi yako wapi, na mdogo wake akanyoosha kidole kwenye miwa. Familia nyingi za Busoga zimekodisha ardhi au kuhamia kwenye zao hilo, na viazi vitamu, chakula chao cha asili, sasa wengine wanavinunua sokoni.

Uani palikuwa na viti sita vimepangwa chini ya mti wa fenesi, na mikeka. Wazee watatu walikuwa wameketi, mmoja amevaa kanzu na koti. Bibi, aliyepita miaka 80, alikuwa kwenye mkeka amevaa gomesi, lile vazi la mabega yaliyosimama na mshipi mpana.

Mke alipofika kama hatua kumi kutoka alipo bibi, alipiga magoti kwenye majani na kusogea hivyohivyo.

Mume anasema hapo alikumbuka kitu alichokuwa amekisahau kabisa. Mwaka 2010, siku alipompeleka mchumba wake Tanga kuonana na wazazi, msichana yule alipiga magoti mlangoni kumsalimia mama mkwe. Dada zake mume waliangua kicheko. Mmoja alisema, "Huyu katoka wapi, inuka bwana, hapa si kanisani." Na yeye mwenyewe alicheka. Hakuwahi kumwona tena akipiga magoti, wala hakujiuliza kwa nini.

Bibi alimshika mjukuu wake kichwa kwa mikono miwili. "Kodheyo," alisema.

Neno hilo Wasoga humwambia mtu aliyetoka akarudi. Lina harufu ya "pole na safari", ila "pole na safari" unaweza kumwambia hata mpita njia. Hili linadai kwamba hapa ni kwako. Mke alikuwa na miaka 29 hajaambiwa, na alilia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Mume naye akaona zamu yake imefika. Akainama: "Shikamoo bibi."

Bibi alirudi nyuma, akamuuliza mjukuu wake wa kiume kitu, na wazee wote wakacheka. Tafsiri ilipokuja, swali lilikuwa: huyu ni askari? Kwa watu wa umri wake Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Serikali ya Uganda iliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, lakini uamuzi wa Kampala una safari ndefu mpaka kwenye mkeka ule. Alipoambiwa ni mwalimu kutoka Tanzania, alifikiri kidogo, akasema aliwahi kuwaona Watanzania waliokuja mwaka 1979 kumwondoa Amin. Walikuwa wakitembea kwa miguu, wamechoka. Kisha akaagiza mwalimu aletewe kiti.

Kiti kilikuwa cha katikati, kinatazamana na wazee. Mwenye koti akakohoa na kuuliza, kupitia kwa shemeji: "Bwana, huyu mtoto ulimchukua kwa nani?"

Mwalimu alieleza. Mahari ililipwa mwaka 2010, fedha taslimu, mbele ya mashahidi, kwa shangazi na mume wa shangazi. Harusi ilifungwa. Vyeti vipo. Mzee akauliza tena, polepole: shangazi alipokea kwa niaba ya nani? Nani kutoka nyumba hii alijua? Bibi alimsubiri kijana gani aje aseme "nimempenda mtoto wenu"?

Jibu halikuwapo. Mke, aliyekuwa bado chini, akafungua furushi. Zilitoka gomesi mbili, kanzu moja nyeupe, sukari, sabuni na vitenge. Akavisogeza mbele ya mumewe na kumnong'oneza: "Mwalimu, toa." Alikuwa amevinunua kidogokidogo tangu Machi kwa fedha za biashara yake.

Alitoa. Wazee walishukuru, wakapiga makofi, na wakasema hayo ni ya kubisha hodi. Atakapokuwa tayari atarudi na watu wa kwao, angalau mzee mmoja kutoka Tanga, na jogoo wa shemeji. Kisha chakula kikaja: viazi vitamu vya kuvukizwa kwenye majani ya mgomba na mchuzi wa karanga. Ni chakula kilekile ambacho watoto wake nyumbani hukinunia kila Jumapili.

Usiku, katika nyumba ya wageni mjini Jinja, waligombana. Kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba, waligombana kwa kunong'ona.

"Umenidhalilisha," alisema mume. "Umeniweka kikaoni kama mwizi wa mbuzi. Natoa zawadi ambayo sijui hata bei yake."

"Nilikwambia tunakwenda kwa bibi."

"Hukuniambia kuna wazee."

"Ningekwambia, ungekuja?"

Anakiri kwamba alizima taa bila kujibu. Mke naye ana la kukiri. Kumficha mtu ni kumficha, na alijua tangu Mwanza kwamba anamfanyia jambo ambalo yeye angefanyiwa angefungasha na kurudi kwa shangazi. Lakini alikuwa amechoka kusubiri mwaka ujao. Na kulikuwa na aibu nyingine, ya kwake mwenyewe. Kwanza hakurudi kwa sababu alikuwa mtoto. Halafu hakuwa na pasipoti, halafu akawa na mimba, halafu mtoto mchanga. Miaka kumi ilipopita alianza kuogopa kuulizwa. Alituma fedha kwa simu. Fedha zilifika kila mara, yeye hakufika.

Aliyemuuliza ni mdogo wake. Asubuhi ya mwisho alikuja na bodaboda kuwapeleka Bujagali, mahali ambapo shule za Jinja zilikuwa zikipeleka watoto kuona maporomoko. Mke alitaka mumewe ayaone. Alikuwa akimsimulia vijana waliojitupa kwenye maji yale wakiwa wamekumbatia dumu la plastiki, kwa fedha kidogo za watalii. Walipofika palikuwa na maji mapana yaliyotulia, na visiwa vidogo. Bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, limeyafunika maporomoko. Alikuwa amesikia habari hizo lakini hakuzitia akilini.

Walikaa kwenye nyasi. Mdogo wake akasema kwa Kiswahili, labda ili na shemeji asikie:

"Ulisema utarudi Krismasi."

Mwaka 1996, siku lori lilipokuja kumchukua, mvulana alikuwa amemng'ang'ania sketi, na yeye akamwambia hivyo ili amwachie. Mvulana aliihesabu Krismasi hiyo, na iliyofuata. Alipofika darasa la tano aliacha.

Mke hakujitetea. Alisema, "Nilisema." Baada ya muda mrefu yule kijana akatazama simu yake na kusema basi amewahi, kwa sababu leo ni tarehe 17.

Mume alikuwa ameshika kamera lakini hakupiga picha. Alisimama, akamuuliza shemeji yake jogoo mzuri huko anauzwa wapi. Shemeji akamwambia jogoo hanunuliwi huku, analetwa kutoka kwenu. "Basi atapanda basi kutoka Mwanza," alisema mume, na kwa mara ya kwanza wote watatu wakacheka.

Likizo ya Juni watakwenda tena, watoto wakiwemo. Baba mdogo wa Tanga amekubali kusafiri, ila ameuliza mara tatu kama kuna milima njiani. Binti mkubwa anafanya mazoezi ya kupiga magoti sebuleni bila kuangusha glasi. Mume ameacha kumcheka mkewe anapoitwa ghafla akaitika "wangi" badala ya "abee"; miaka yote alidhani ni utani wa nyumbani kwa shangazi, kumbe ndivyo watu wote wa kule wanavyoitika. Kuhusu jogoo, bado hawajui kama ataruhusiwa kuvuka Mutukula, na mwenye basi naye hajasema lolote.

Kilichobaki ni shangazi. Ndiye aliyemlea mke, akamsomesha, na mahari ile aliitumia kuezeka nyumba anayoishi hadi leo. Wazee wa Buwenge wametuma ujumbe kwamba wanataka kumsikia. Mke anasema atamwambia baada ya Pasaka. Mume anasema bora amwambie kabla, maana baba mdogo wa Tanga hajui kutunza siri, na tayari amempigia shangazi simu kumuuliza habari za milima.